Kitanda cha Chumba Kidogo

Kanti mdogo wangu,

Nakuandikia na hasira, kama kawaida yangu. Huyu Jagdish wako amenichosha.

Tangu ufe tukakuchoma kwa mila zetu, amehamia chumba kidogo. Kile kitanda unakijua. Nilikinunua mimi, enzi zile sisi tumetoka Tanga na yeye Kisumu, wewe na yeye mkapanga nyumba moja hapa Wembley, ughaibuni, na kina shangazi wakawa hawaishi kuja kuchungulia. Kila wakija nakitandika shuka safi, nawaambia, "Mpangaji analala hapa." Hakuna aliyewahi kukilalia. Mpaka wewe, uzeeni, walipokutoa tezi dume kwa ile saratani.

Ulidhani sijui? Jagdish alikuja jikoni kwangu analia. "Dada, Kanti amenihama. Anasema hana tena cha kunipa." Nikapanda basi. Nikakukuta umejifunika gubigubi. "Mpumbavu wewe! Miaka yote hii alikuwa anakupikia chapati kwa ajili ya hicho tu?" Ukacheka mpaka mkojo ukakutoka, maana nao ulikuwa haushikiki tena, ukaona haya. Nikakubadilishia shuka. Halafu nikaubeba mto wako nikaurudisha chumba kikubwa. Baadaye Jagdish akaniambia mlikuwa mnalala mmeshikana mikono, na mengine. Nikamwambia hayo mengine abaki nayo, mimi ni bibi wa watu.

Sasa yeye ndiye anayeamka kila mara kwenda kukojoa. Kupimwa hataki. "Nilimwona Kanti, Dada. Sitaki kuwa vile." Kuwa vile vipi? Ulipendwa mpaka pumzi ya mwisho! Nilimfokea hivyohivyo. Akavaa koti.

Jana kule kliniki nesi akaniuliza mimi ni nani wake. Kanti, maisha yangu yote nimesema mpangaji. Wifi siwezi kumwita, na masharubu yale. Nikasema kwa sauti, wote waliokaa pale wasikie, "Huyu shemeji yangu. Mume wa mdogo wangu." Jagdish akainamisha kichwa, akanibana mkono mpaka pete ikaniuma. Halafu akaingia kutolewa damu.

Majibu bado. Yakija mabaya, yakija mazuri, hatakwenda kuyasikia peke yake. Hilo nakuahidi, na unanijua.

Kitanda nimewaambia wajukuu wakifungue wakitoe, Jumamosi. Hakina kazi tena. Jagdish atarudi kulala upande wake. Mto wako uko palepale.

Pumzika, mjinga wangu.

Dada yako,
Manjula