Kuhusu Nyumba ya Tuva na Magogo Niliyoyaosha

Hamreby,
Hälsingland,
Uswidi.
12 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Ingegerd,

Pokea salamu za mdogo wako, mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuzaliwa katika ukoo wetu. Nakwambia mapema ili ukae vizuri kwenye kiti. Unajua niliendesha lori miaka thelathini na minane, kutoka hapa mpaka Ureno na Ugiriki, bila kumgonga hata sungura. Hiyo ilikuwa bahati ya rejareja. Kiangazi hiki nimepata ya jumla. Mkono wangu huu wa kulia, ule ambao mwalimu wetu alisema hautawahi kuandika mstari ukanyooka, ndio ulioiokoa nyumba ya binti yangu Tuva. Nitakusimulia yote, lakini afya kwanza.

Hujambo lakini? Goti linaendeleaje tangu wakupasue? Na shemeji Colin, bado anabishana na daktari juu ya chumvi? Huko Tasmania majira yenu yamesimama kichwa chini miguu juu, kwa hiyo nadhani nyinyi mnavua makoti wakati sisi tunayatafuta. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini umelalamika tangu mwaka wa tisini na moja na sijawahi kuujibu.

Barua yako ya Mei niliipata na nikaisoma mara mbili. Umeandika kwamba vijana wa siku hizi hawanunui nyumba kwa sababu wanakunywa kahawa za dukani na kupanda ndege kwenda Thailand, na kwamba baba alinunua yetu kwa mshahara wa kiwanda cha mbao, na watoto sita juu yake; ni uvivu tu, na ukauliza kama wataweza kununua hata siku moja. Dada, nakupenda, lakini hapo umesema kama mtu aliyeondoka mwaka wa sabini na nne. Nyumba ya baba iligharimu mishahara yake ya miaka mitatu. Tuva ni muuguzi, kasoma kuliko ukoo mzima, na chumba kimoja Stockholm, chenye jiko ambalo ukifungua tanuri mlango haufunguki, kilikuwa mishahara yake ya miaka minane, bila kula. Halafu benki inataka kwanza aoneshe fungu nene la pesa zake mwenyewe mkononi. Wenzake wanapewa fungu hilo na wazazi, wanaoweka nyumba zao rehani. Mimi nimepanga vyumba viwili juu ya duka la maua. Ningeweka rehani nini, harufu? Tuyaache hayo.

Kwenye nyumba za kupanga nako kuna foleni. Tuva alijiandikisha siku ile ile alipotimiza miaka kumi na minane, kama watoto wote wenye akili. Foleni yenyewe haina mlango wala benchi, ni jina lako tu linazeeka mahali. Akangoja miaka kumi na miwili, huku akiishi kwenye vyumba vya watu kwa miezi sita sita. Nimemhamisha mara kumi na moja kwa gari langu. Kile kiti chake cha kijani kimepanda ngazi nyingi kuliko tarishi.

Mwisho akachoka, akarudi huku kwetu na mwenzake, Elis. Hujamwona huyu. Ni kijana mrefu, mpole, anatengeneza meno bandia. Siku ya kwanza nilimshika mkono nikahisi kama nimeshika mkate wa mdalasini. Nikamwita Fundi Meno, na mpaka leo anaitika.

Halmashauri yetu inauza viwanja kwa bei ya baiskeli ili vijana wasitukimbie wote, ila kuna sharti: ndani ya miaka miwili nyumba iwe imesimama na kupauliwa, la sivyo kiwanja kinarudi. Wakakichukua, wakamwaga msingi, na msingi ukameza akiba yao yote. Tarehe ya mwisho ni thelathini ya mwezi huu. Wakishindwa, wamebaki na zege la watu wengine, na Tuva anarudi kwenye foleni na kiti chake.

Ndipo akaona tangazo: nyumba ya magogo ya mwaka 1846, inatolewa bure kwa atakayeibomoa na kuihamisha kabla ya kiangazi. Mwenyewe ni mjane mmoja ng'ambo ya ziwa, Mama Signhild, miaka themanini na tisa, naye anaishi kwenye nyumba mpya uwanjani hapo hapo. Elis akamuuliza kwa adabu zote kama kweli hataki chochote.

"Mwanangu, nyumba mbili za nini, nami nina makalio mamoja?" akasema. "Ichukueni. Ila mkiiacha ioze nitawang'oa meno, na wewe utajitengenezea mengine."

Tukaibomoa mwezi wa Mei, gogo moja moja kutoka juu, magogo mia moja arobaini na matatu. Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye mambo. Kila gogo limechongwa kukaa juu ya mwenzake mmoja tu. Ukiliweka kwingine, hata kwa tofauti ya unene wa kidole, halikai. Kwa hiyo kila moja lazima lipewe namba. Tuva alitaka kupigilia vibati vyenye namba. Nikakataa, nikasema misumari inatoboa mbao, tuandike kwa kalamu ya nta ya bluu kama nilivyokuwa nikiandika mizigo yangu.

"Baba, mwongozo unasema vibati."

"Huo mwongozo umeendesha lori miaka mingapi?"

Akacheka, akanipa kalamu.

Mwezi wa Juni, wao wakiwa kazini, nikayatazama magogo yale yamelala kiwanjani na masizi yake, viota vya nyigu na mavi ya panya wa enzi za wafalme wa kale, nikasema niwafanyie jambo la kuwashangaza. Nikaazima kwa Rune, jirani wa kile kiwanja, ile mashine ya kuoshea kwa maji ya kasi. Unawajua wanaume wa huku na mashine hiyo kiangazi kikifika. Ni mtoto na ngoma. Nikaosha siku mbili. Mbao zikatoka na rangi ya asali, dada, mpaka nikajisikia mkubwa. Nikachemsha kahawa, nikaweka na vikombe.

Tuva akafika saa kumi jioni, na sare ya hospitali bado mwilini.

"Zimependeza," akasema. Akatembea upande mmoja wa rundo, akarudi na upande wa pili. "Baba, namba ziko wapi?"

"Namba zipi?"

"Za bluu."

Nikaliweka birika la kahawa chini.

"Umeosha yote?"

"Yote," nikasema. "Hata upande wa chini."

Akakaa juu ya rundo, mikono magotini. Laiti angenitukana. Kuhama mara zote zile kumi na moja sikuwahi kumwona amekaa vile, kama mtu anayesubiri gari ambalo yeye mwenyewe anajua haliji. Elis akaja, akatazama, akamwekea mkono begani. "Basi tuna fumbo la tani ishirini," akasema. Picha za simu tulikuwa nazo, lakini picha inaonesha nyumba nzima. Gogo likishalala chini, linafanana na wenzake kama mayai. Fundi tuliyemwita alitingisha kichwa, akasema kwa kujaribu jaribu ni kazi ya miaka miwili. Sisi tulikuwa na miezi mitatu.

Rune akasema nami kutoka upande wa pili wa ua asubuhi yake. "Sixten, nimesikia umewapa vijana kiberiti kikubwa kuliko vyote Uswidi. Njiti mia moja arobaini na tatu. Na mashine yangu imepona?"

Siku mbili baadaye, Jumamosi, nilikuwa nimekaa peke yangu juu ya rundo, nikaegemeza mkono kwenye mkato wa pembe ya gogo, pale ndani ambapo gogo hukaliwa na jingine na jua haliingii. Kidole kikaingia kwenye mfereji mdogo. Kando yake mfereji wa pili, na wa tatu, na mwishoni alama kama unyayo wa ndege. Nikamwita Elis. Akaja na mswaki wa kazini, ule wa kusugulia meno bandia, akasugua, na alama ikatoka safi kama imekatwa asubuhi ile. Tukageuza gogo la pili: mistari minne, unyayo wa ndege. La tatu: mistari saba, msalaba.

Dada, nimeliona kanisa kuu la Köln kule Ujerumani, nimeliona daraja la Lisbon likipotelea kwenye ukungu, wala sikuvua kofia. Pale nilivua. Kila gogo lilikuwa na alama. Mistari ilihesabu safu kutoka chini; msalaba ukuta mmoja, unyayo wa ndege wa pili, nusu mwezi wa tatu, na ukuta wa nne hauna kitu zaidi ya mistari, maana aliyechonga alijua kilichobaki hakihitaji jina. Mama Signhild akatwambia kwamba zamani nyumba ilijengwa msituni mti ungali mbichi, ikaachwa ikauke, ikabomolewa, ikavutwa juu ya barafu mpaka mahali pake. Kumbe nyumba yenyewe ilishahama kabla ya Tuva kuzaliwa. Mtu fulani mwenye shoka, pengine hakujua kuandika hata jina lake, alikuwa ameandika kila kitu tulichohitaji, akakificha mahali ambapo mashine ya Rune haiwezi kufuta.

Elis alizidi kunistaajabisha. "Haya ni meno tu, baba mkwe," akasema. "Kila jino lina mwenzake." Akayapanga yote kwenye majani kwa siku tatu, ukuta kwa ukuta, mkate wangu wa mdalasini ule, mpaka viganja vikatoka damu na asiseme. Tuva alitoka zamu ya usiku, akalala kwa saa nne tu, akaja kujaza nyuzi za kitani kati ya magogo ili upepo usipite. Siku tuliposhusha gogo la kwanza la pembe kwa winchi, lilisita kidogo, likateremka, likakaa. Halikutoa kelele, pumzi tu, kama mtu mzima anapofika kitandani. Tuva akaweka shavu lake pale, nami nikajifanya nakagua kamba.

Jumamosi iliyopita tulipandisha boriti ya kilele, na leo bati la mwisho limepigiliwa, zimebaki siku kumi na nane. Mkaguzi wa halmashauri alikuja, akazunguka, akatia sahihi. Kiwanja ni chao. Karamu ya boriti tuliifanya siku ile ilipopanda, kama desturi ya huku inavyotaka, na taji la matawi ya msonobari juu kabisa. Rune akaleta kopo la samaki waliochacha, Elis akala wawili bila kuziba pua, na Rune akasema sasa ni mtu wa hapa. Mama Signhild aliletwa kwa gari. Akapapasa kizingiti, akaingia ndani, akasimama katikati. Kisha akaomba kahawa.

Kwa hiyo umeuliza kama vijana wetu wataweza kununua nyumba. Jibu langu, kwa njia ya baba, hawawezi, na si kwa sababu ya kahawa. Tuva ana bahati ya nyumba ya bure. Wenzake wa Stockholm bado wanahama na viti vyao, wala si wavivu. Nimewaona kwa macho yangu wanavyofanya kazi, nimewaogopa. Ukiandika tena kwamba ni wavivu, barua nitairudisha na stempu yake.

Msalimie sana shemeji Colin, na mwambie chumvi aache. Msalimie mwanao Heather na watoto wake, na yule mdogo aliyenichorea kangaruu. Nimembandika mlangoni mwa jokofu. Tuva na Elis wanakusalimu, na chumba cha juu kinachoangalia ziwa wanakiita chako. Mungu akulindie goti na moyo, akufikishe siku moja ukanyage mbao hizi kwa miguu yako miwili.

Wako akupendaye siku zote,
Sixten

Nimeifungua tena bahasha. Ile Jumamosi ya alama sikuwa kiwanjani, dada. Nilikuwa nyumbani nimejifunika blanketi, siku ya pili sitoki, sipokei simu. Elis ndiye aliyekaa juu ya rundo, kidole kilichoingia kwenye mfereji kilikuwa chake, na ndiye aliyekuja kunigongea mlango mpaka nikafungua. Kwenye karamu Rune aliuliza nani aliziona alama. Elis akanitazama, akasema, "Muulize baba mkwe." Nami nikasema ni mimi, mbele ya watu wote, naye akanyanyua glasi yake. Wazazi wa wenzake Tuva wametoa pesa. Nilitaka nami niwe nimetoa kitu. Sikutoa kitu. Niliosha namba, basi.