Si Malaria, Mungai

Mwaka umetimia tangu ututoke, Gervasio Mungai, na hapa River Road kwa mchapaji tunagombana juu yako. Baba yako mdogo Ndungu anataka tangazo hili liseme ulifariki "baada ya kuugua malaria kwa muda mfupi." Nimemuuliza ni mbu gani anayetembea na rungu.

"Mama Mungai," anasema, "wale watu bado ni majirani. Njambi anakaa nao ua mmoja, na mtoto. Unataka warudi?"

Swali hilo lina maana, na si mimi wa kulijibu. Nimemwacha mkeo Njambi kwenye benchi afikirie, nami nimeshika kalamu.

Una jina la baba yangu mzazi, ndiyo sababu nilikuita baba tangu ukinyonya. Ulikuwa mpole, tena mbishi. Pale Dagoretti Corner ulitengeneza baiskeli za mtaa mzima, na kengele ya saa sita ikilia uliacha gurudumu la mtu likizunguka hewani, ukasali Malaika wa Bwana mpaka mwisho. Mteja akinung'unika, ulimwambia apige magoti nawe, muda utapita upesi. Wengine walipiga. Kanisani uliimba kwa sauti kubwa na mbaya, na hatukupata mtu wa kukuambia.

Majirani wale walipokuja kukualika "chai," tulijua ni kiapo: kula nyama ya mbuzi na kuapa kwamba kabila letu litatangulia yote, hata Mungu. Njambi alikuvalisha sweta mbili, maana waliokataa walipigwa.

Jioni ulirudi mzima, unacheka hadi uji ukakumwagikia. Ulikuwa umewaambia kwamba Mkatoliki hali nyama siku ya Ijumaa. Mmoja wao, aliyebatizwa kama wewe, akasema sheria hiyo ililegezwa, Padre alitangaza. Ukamwambia alitangaza wakati yeye amesinzia, hakusikia mwisho. Mkabishana juu ya Kwaresima na Majilio, mpaka mkubwa wao akachoka. "Basi rudi kesho," akasema. "Kesho si Ijumaa." Nawe ukajibu, "Nitarudi."

Rafiki yako Were alikuja kukuchukua. "Twende kwangu Jamhuri," alisema. "Mimi mtu wa Kakamega, chai yao hawawezi kunialika. Hata wakija, watageuka mlangoni."

"Nimeshasema nitarudi," ulimjibu.

"Umewaambia wezi utarudi, na wewe unarudi?"

"Nisiporudi watasema Wakatoliki ni waongo."

Nilikufokea mimi pia, na nisingebadilisha neno. Mtu anakataa kuapa, lakini ahadi ya mdomo tu anaishika hivyo. Asubuhi ulivaa sweta moja. Ulisema mbili zinaleta joto.

Waliokuwa pale wametusimulia. Ulisimama mbele yao ukasema, "Leo si Ijumaa, na bado sitakula. Nilikwisha apa siku ya ubatizo, na ninyi wengine mlikuwapo." Basi wakainua marungu.

Walikurudisha kwa mkokoteni. Ulimwambia Njambi gurudumu la kushoto linalia, litiwe mafuta. Padre alipokuja na mafuta ya wagonjwa, alikuuliza kama umewasamehe wote. Ulisema ndiyo, isipokuwa yule wa Ijumaa. Huyo aanze tena katekisimu. Padre akasema, huyo pia, Gervasio. Ulivuta pumzi kwa shida.

"Haya," ukasema. "Huyo pia."

Hilo ndilo lililokugharimu zaidi kuliko marungu, baba. Nilikuona. Jumapili, misa ya kwanza ikitoka, ulitutoka.

Sasa Njambi ameinuka kwenye benchi. "Mama," anasema, "nimekaa nao mwaka mzima. Tunachota maji bomba moja. Wananiamkia wakitazama chini. Wanajua, na mimi najua. Nikichapisha malaria, ni mimi nitakayetazama chini. Andika ilivyokuwa. Na jina langu litangulie."

Ndungu, ndugu ya marehemu baba yako, amevua kofia, ameivaa, ameivua tena. "Basi na mimi niandikwe," anasema. "Lakini mwisho, kwa herufi ndogo."

Kwa hiyo isomeke hivi: hukuugua. Ulipigwa kwa sababu ulikataa kuapa kinyume cha imani yako, ukafa ukiwa umewasamehe waliokupiga. Mchapaji amesimama kando yangu na mkono wazi, nami nampa karatasi.

Unakumbukwa na mkeo Njambi, binti yako Wanjira, mama yako Wahu, rafiki yako Were, na baba yako mdogo, ndungu.

Siku zote utakuwa nasi, baba.