Mkwe Juu ya Paa

Jumapili, 2 Novemba 2025

Nilikuwa kitini mapema, chai mkononi, shali miguuni. Voliboli ya wanawake, robo fainali. Seti ya kwanza haijaisha — kioo kikawa cheusi. Maandishi meupe: chaneli hii haipatikani kwa sasa kwa kuwa wenye chaneli wamedai masharti yasiyokubalika. Tunawajali wateja wetu.

Wananijali.

Everlyne, anayenitunza na kuniita Kukhu, yaani nyanya, akachomoa waya, akaurudisha. "Kukhu, TV imekataa." TV haijakataa. Kuna chaneli ya wapishi, ya mahubiri, ya Wakorea wanaolia kwa Kiswahili. Iliyokufa ni ile moja ninayoitazama.

Ujumbe wa Wakoli, mkwe wangu, kutoka Bungoma: "Mama, kwako pia imeenda?"

Imeenda. Chai niliimwagia shali. Hasira, si ugonjwa. Siku hizi naijua tofauti.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimeipigia kampuni ya mtandao inayotuletea TV. Muziki, muziki, kisha kijana anaitwa Ian. Pole mama, bado wanaongea, wenye chaneli wanataka kulipwa zaidi. Lini itarudi? Hajui. Akanishauri niwapigie wenye chaneli niwalaumu. Nikawapigia. Msichana wa huko akanishauri niipigie kampuni niilaumu.

Nimefundisha jiografia katika shule ya wasichana maisha yangu yote, na ugomvi wa bweni nimeuamua mwingi. Sijawahi kuona wagomvi wawili wakimtuma jirani awarushie mawe. Na jirani mwenyewe ndiye aliyelipia.

Levi, mwanangu ninayekaa kwake hapa Kitale, alirudi jioni na vumbi la mahindi mpaka kwenye kope. "Mama, si ni TV tu." Ni yeye aliyeng'oa antena tulipobadilisha mabati, akampa fundi king'amuzi, ati siku hizi kila kitu ni intaneti. Nikamwambia atoke mbele yangu.

Alhamisi, 6 Novemba

TV tu. Maneno hayo bado yamenikaa kifuani. Basi niandike kwa nini si TV tu.

Wakoli alimwoa Dinah, binti yangu. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama wa mke hawaketi chumba kimoja. Hawapeani mikono, hawali pamoja. Akija, mimi naingia chumbani, mlango unafungwa, tunasalimiana kupitia ukuta. Dinah alikuwa akitucheka: ninyi wawili mngepatana sana.

Dinah alipofariki, akatuachia binti yao Joan, aliye bweni huko Kimilili, nilidhani Wakoli naye amekwisha kwangu. Badala yake alimwomba Levi aniunganishie apu ya TV kwa akaunti yake. Akaandika: Mama, Jumapili kuna voliboli. Dinah alikuwa seta wa timu ya shule, yule anayewainulia wapigaji mpira. Vidole vile nilivifundisha mimi.

Tangu hapo, kila Jumapili — yeye Bungoma, mimi Kitale, mpira mmoja, wakati mmoja. "Seta amechelewa." "Amechoka magoti, si vidole." "Dinah angeupeleka nyuma." Hayo tu. Huo ndio msiba wetu na hivyo ndivyo tunavyoukalia. Mila haikukataza, maana mila haikuijua intaneti.

Halafu watu wenye tai wameketi mahali, hawajakubaliana, wakauzima kwa kidole.

Jumapili, 9 Novemba

Nusu fainali. Wakoli alienda kwenye hoteli moja mjini Bungoma yenye king'amuzi, akawa ananiandikia pointi. Zilikuja kwa mafungu, mambo yakiwa yameisha. Seti ya nne katikati, mwenye hoteli akabadilisha, akaweka soka ya Uingereza. Wakoli anasema alimwomba, akaambiwa anunue hoteli yake.

Levi naye, kwa kujuta, akanishikia simu. Mtu fulani alikuwa anarusha mchezo kwenye Facebook. Tangazo la kamari, kisha mguu wa mchezaji, ukaganda. Nimeutazama mguu ule mpaka chai ikapoa.

Timu yetu imeingia fainali. Nimeambiwa.

Jumanne, 11 Novemba

Usiku mbaya. Everlyne hunigeuza kitandani kama gunia. Daktari wa Eldoret alisema tusipange mambo ya Krismasi. Levi anajua. Nimemkataza kumwambia Wakoli.

Niungame hapa, kwa sababu mchungaji akija ataniwekea maneno mdomoni.

Mila ina njia ya kutokea. Mkwe analeta blanketi, anamfunika mama mkwe mabegani. Mama anampa kuku. Mwiko umekwisha, wanakaa pamoja. Mwaka jana Wakoli aliniomba hilo. Nikamjibu kupitia ukuta, kwa sauti ile ya mwalimu mkuu, kwamba mila ni mila.

Uongo. Mimi, niliyewafundisha wasichana kuhoji kila kitu.

Siku ya mazishi yeye alilia mbele ya watu. Mimi sikulia. Sijalia mpaka leo. Naogopa nikiuona uso wake nitaanza, na nikianza sitaweza kunyamaza. Voliboli ilinitosha. Nilitaka kufa hivyo, kioo kikiwa katikati yetu. Ndiyo maana nawachukia watu hawa kuliko inavyofaa. Wameninyang'anya mahali pa kujificha.

Jumamosi, 15 Novemba

Ujumbe wa kampuni: makubaliano yanakaribia, asante kwa uvumilivu wako, wakati ukisubiri furahia chaneli ya wapishi. Mimi sili tena ila uji.

Fainali ni kesho. Wakoli ameandika: "Mama, kesho nakuja na antena na king'amuzi." Hakuuliza. Sikumjibu.

Jumapili, 16 Novemba

Naandikia sebuleni, daftari gotini.

Alifika baada ya ibada. Everlyne alinikokota chumbani, akafunga mlango.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, Baba Joan. Umekula?"

"Nitakula nikishuka."

Levi yuko Endebess. Mashine ya kupukuchua mahindi imepatikana leo, Jumapili au si Jumapili. Kwa hiyo ngazi, kisha nyayo juu ya mabati, juu ya kitanda changu.

"Everlyne, inaonekana?"

Everlyne akajibu kwamba yuko nje, ameushika mlingoti, akiuachia utaanguka.

Wakoli akapiga hatua mbili juu ya mabati. Kisha, polepole: "Mama, si kuna mtu huko ndani aniangalilie?"

Anajua hakuna mtu ila mimi.

Nilichukua fimbo, nikajikongoja hadi sebuleni. Ukuta, mlango, ukuta, kiti. Kwenye TV ni chenga tupu.

"Kushoto," nikapaza sauti.

"Kushoto kwangu ama kwako?"

"Upande wa Mlima Elgon, Baba Joan. Kwani ulisoma wapi?"

Chenga, chenga — kisha wavu. Mikono. Jasho kwenye shingo ya seta.

"Hapo hapo. Usiguse, bana."

Sijawahi kumwambia mtu bana. Alicheka huko juu mpaka mabati yakalia.

Seti ya kwanza imeanza. Wamefunga mlingoti, Everlyne amechungulia dirishani, ananong'ona. Ati kwenye mfuko wa Wakoli, chini ya nyaya, kuna blanketi jipya. Na mimi niko sebuleni. Anirudishe chumbani?

Timu yetu imepokea vibaya. Seta anaukimbilia mpira wa pili, amechelewa, magoti yale. Nimeshika simu na hakuna wa kumwandikia.

Nimemwuliza Everlyne kama yule jogoo mwekundu bado yuko bandani.

Ngazi inalia. Anashuka. Machozi yameanza, na hata sijamwona bado