Mama, Uyirwoth Iko Kwangu Sasa

Mama,

Mutoto wako iko muzima. Ninaanza na hiyo kwa sababu najua ndiyo ungeuliza kwanza, hata mbele ya kuuliza kama mimi nimekula.

Tangu tulipokuzika, Uyirwoth analala kwangu hapa Mbunya, mu chumba ya mbele. Watu wakimuona na ndevu zake wananiambia: «Kaka yako iko mukubwa, atazoea.» Hawajui kama ni mimi ninamuosha, ninamufunga vifungo ya shati, ninamukatia muhogo vipande vidogo asikabwe. Weye ulifanya kazi ile maisha yako yote bila kuiita kazi. Siye wengine tulidhani ni tabia yako tu, sawa vile mutu mwingine anapenda kuimba.

Anakutafuta, Mama. Asubuhi anasimama ku barabara, anaangalia upande wa soko, pale ulikuwa unauza samaki. Nilimuambia umekufa. Alikuwa pale, aliona udongo. Ananisikiliza vizuri mpaka mwisho, halafu ananiuliza: «Mama iko wapi?»

Mashine yangu ya kushona ilikuwa sokoni, na yeye hawezi kukaa pale. Makelele ya pikipiki inamutisha, anakimbia. Basi nikatafuta mahali pa kumuacha muchana. Nilienda kwa masista. Sista mumoja alinipa kiti, akamuangalia Uyirwoth, akasema kwa upole: «Dada, siye tunapokea watoto tu. Na hata kwa watoto, nafasi haiko.» Nikamuambia aksanti. Ile shule ya walemavu watu walinielekeza, nilikuta imejaa wakimbizi waliotoka vijijini, sufuria zinachemka mu darasa. Ningewaambia nini? Ku biro, ofisi ya serikali, bwana mumoja aliniambia nirudi vita ikiisha. Nikamuuliza: «Si munasema imeisha?» Akacheka kidogo, akaita mutu mwingine.

Halafu mudogo wako, mama Celestina, akatoka Mahagi na shauri lake. «Mupeleke ku chumba ya maombi. Wanalala kulekule. Utapumzika, Mado.»

Nilikuwa nimechoka, Mama. Nikaenda kuona.

Kulikuwa mwanaume, umri sawa na Uyirwoth, wamemufunga munyororo ku muguu, munyororo ku nguzo. Alinisalimia vizuri kabisa: «Bonjour, mama.» Uyirwoth akakaa chini karibu naye, akaanza kujaribu kufungua ile munyororo na vidole. Anavuta, anapuliza, anavuta tena. Ule mwanaume anamuangalia tu. Nikamushika kaka yangu mukono, tukarudi kwa muguu, na mama Celestina hakunisemesha tena mpaka alipopanda gari ya Mahagi.

Nikaanza kumuachia jirani muchana. Kisha ikafika siku risasi ililia upande wa barabara ya Bogoro. Soko ikafungwa mara moja. Nikakimbia nyumbani: mulango wazi, yeye haiko. Jirani aliyekuwa anamuangalia alikuwa amekimbia na watoto wake. Simulaumu. Nilimukuta ku barrière, pale askari wanazuia barabara, askari mumoja anamupigia kelele: «Weye nani? Sema!» Na yeye anacheka. Unajua Uyirwoth akiogopa anacheka. Bunduki ilikuwa karibu na kifua yake, Mama, na yeye anacheka, na mimi sikusonga.

Aliyesonga ni Mama Kahindo, ule wa Butembo anayeuza vitunguu. Akajiweka katikati. «Afande, pole, huyu ni mutoto! Mutoto wa marehemu Mama wa samaki!» Askari akaangalia zile ndevu, akamuangalia yule mama, akashusha bunduki.

Nikamuuliza amejuaje kama Uyirwoth iko sawa mutoto. Akasema: «Na mimi niko naye mumoja nyumbani.» Binti yake, Masika, tayari mwanamuke. Kila siku ya soko anamufungia ndani na funguo. Miaka yote tulinunua vitunguu kwake, na hatukujua kama iko na mutoto ule.

Sasa mashine yangu iko ku baraza yake. Yeye akienda kuuza, mimi ninashona na kuwaangalia wote wawili. Mimi nikipeleka nguo, yeye anabaki. Masika anapenda kupanga vipande vya kitambaa, Uyirwoth anavipangua, wanagombana, wanacheka. Ni mukeka tu, na wanawake wawili waliochoka. Lakini mulango haufungwi.

Kitu kimoja kinaniuma. Juzi mama mumoja alikuja na kijana wake mugongoni, mukubwa, miguu inaning’inia. Alikuwa amesikia habari yetu. Niliangalia ile baraza, nikamuambia nafasi haiko. Nikajisikia nikisema neno lile, tena kwa upole. Akaniambia aksanti, akamupandisha tena mugongoni, akaenda.

Pumzika sasa, Mama, weye ambaye hukupumzika. Uyirwoth nitabaki naye, hata siku zile nitakuwa na hasira. Na kesho, mbele ya kushona, nitaenda kuuliza ule mama anakaa wapi.

Binti yako,
Mado