Sauti Iliyokubali Mama Ahamishwe

Muskat

Kaka Masanja,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinifundisha hivyo, si kwa sababu moyo umetaka. Watoto hawajambo? Mimi mzima. Bado nafua mashuka ya hospitali, na joto la huku halina adabu. Wiki hii mwenzangu alianguka palepale kwenye mashine, tukammwagia maji, tukaendelea na kazi. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa simu sasa siiamini.

Juzi shangazi alinipigia. "Mwanangu, Mungu akubariki kwa kukubali mama ahamishwe. Ila sauti ilikuwa nzito, una mafua?" Nikamuuliza, sauti ipi? Akanieleza yote. Wazee waligoma kugusa kaburi mpaka kila mtoto wa marehemu aseme ndiyo kwa mdomo wake. Ukaweka simu katikati yao, ukapandisha sauti, na "Kabula" akakubali.

Jamani kaka! Yule alikuwa mkeo. Shangazi anasema muda ule wifi alikuwa "ameenda sokoni".

Umesahau kwa nini mama alilala pale? Ile ngome ya zege wakoloni waliijenga wakati wa vita, wakiogopa adui atatokea ziwani. Sisi tuliijua kwa dagaa. Mama aliwaanika juu ya paa lake, hawakuwa na mchanga, na akinamama wa soko la Igoma waliwagombea. Paa lile limetusomesha wote wawili. Akasema mwenyewe, wewe umemshika mkono: nizikeni hapa pembeni. Ukamwapia.

Leo umemuuzia mwenye hoteli kiwanja chetu chote. Ngome imepakwa rangi nyeupe, watu wanakunywa bia ndani, na viti vimepangwa palipokuwa na mama. Ungeniomba ningekataa, na ulijua. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nausikia tu huo msemo.

Sitaki maelezo. Waite wazee walewale, unipigie mbele yao, niseme kwamba sikukubali. Usipowaita, shangazi atawaita.

Msalimie baba mdogo, na mama mkwe wako aliyetupikia msibani. Wifi simsalimii.

Na uniambie mmemlaza wapi mama.

Ni mimi mwenyewe,
Kabula