Sauti ya Mnunuzi

Kitengela
14 Machi 2006

Mwaitu mpendwa,

Nakusalimu sana mama, na salamu zifike kwa Keziah na akina mama wote wa kikundi. Goti lako linaendeleaje? Mimi niko salama. Najua simu huisikii vizuri, ndiyo nimeandika. Wamaitha muuza mayai atakuletea barua akipita Kajiado.

Habari ni njema. Ile tovuti ambayo mdogo wangu Peterson alinifungulia kabla arudi Amerika imeleta mteja mkubwa. Ametaka viondo vyote mlivyosuka, pamoja na mishipi ya shanga ya akina mama wa Kimaasai. Analipa kwa kadi ya benki: anaandika namba kwenye kompyuta huko aliko, kampuni ya malipo inamkata, halafu inanipa mimi. Kampuni imesema kadi ni nzuri. Alitaka mzigo haraka, hata gharama ya ndege hakuuliza. Nimeutuma jana. Waambie wasuke vingine.

Ni mimi binti yako,
Nzisa


Kajiado
2 Mei 2006

Mwanangu Nzisa,

Habari ya huko? Unakula? Goti linauma lakini natembea.

Pesa zilifika na tukamshukuru Mungu. Ndulu wa kikundi chetu amemrudisha binti yake shule. Amechukua pia katani nyingi kwa deni, kwa vile ulisema tusuke. Sasa tunasukia kwake mpaka jua linazama, na mzigo mwingine uko tayari.

Peterson alipiga kwa simu ya Keziah. Aliuliza kama biashara yako inaenda, na kama mzigo hutumwa mara moja pesa zikiingia. Nikamwambia wewe huchelewi. Alifurahi. Sauti yake ilikuwa ya mtu amechoka. Ukiongea naye, muulize kama ako na kazi.

Mama yako


Kitengela
5 Julai 2006

Mwaitu mpendwa,

Nimekaa na barua hii kwa sababu sikujua niianze vipi. Natumai uko na nguvu.

Ile kadi ya Machi ilikuwa ya wizi. Mwenyewe ni mzee wa huko Amerika ambaye hajawahi kusikia jina la kiondo. Alipoona amekatwa alilalamika, benki yake ikamrudishia, na kampuni ya malipo ikachukua zile pesa kwangu. Imekata mauzo yote yaliyofuata. Mzigo umeenda, pesa zimeenda, na viondo mlivyosuka tangu Mei siwezi kuvilipia. Tafadhali waambie akina mama polepole. Uanze na Ndulu.

Maundu mwenye saiba, ile duka ya kompyuta ya hapa, ameketi na mimi akanifunza. Mwizi huagiza vingi, hutaka haraka, na hupeleka mzigo kwa anwani ambayo si ya mwenye kadi. Nisitume kitu kabla ya kulinganisha anwani hizo na kumpigia mnunuzi simu. Laiti ningejua. Wiki hii imekuja oda nyingine, kubwa kuliko ile, na ya haraka vilevile. Kesho nitapiga.

Binti yako,
Nzisa


Kitengela
7 Julai 2006

Mwaitu,

Keti kwanza ndiyo usome.

Nilipiga. Mwanaume akajibu kwa Kiingereza cha puani, akajiita jina la mwenye kadi ya oda hii. Nikamuuliza anwani ya benki yake. Alipoanza kutaja akakohoa, halafu akacheka kidogo vile hucheka akishikwa na uongo. Nilimjua hapo hapo. Nikamuuliza kwa Kikamba, "Peterson, ni wewe?"

Nilisikia mlango ukifungwa. Kisha akasema, "Nzisa, tuma tu. Benki ndiyo hulipa."

Nikamwambia, "Hakuna benki iliyolipa. Ni Ndulu amelipa."

Akakata. Mzigo sikutuma; nimeangalia, anwani ya kuupeleka ni ile ile ya Machi.

Kampuni inataka nieleze ninachojua juu ya mnunuzi wa Machi, la sivyo itafunga akaunti yetu. Nisaidie, mama. Niandike nini?

Nzisa wako


Kajiado
12 Julai 2006

Mwanangu,

Nimesoma, nikamwomba Keziah anisomee tena, halafu nikajuta kwamba sasa anajua.

Usiandike jina lake. Waache wafunge hiyo akaunti. Nitauza mbuzi niwalipe akina mama mmoja mmoja. Yeye ni kitindamimba wangu na yuko mbali, hana mtu. Nitaongea naye aache. Wewe uko na akili na mikono, utapata kazi nyingine.

Nakuomba kama mama.

Mama yako


Kitengela
20 Oktoba 2006

Mwaitu mpendwa,

Natumai hujambo. Ni muda mrefu sijaandika. Nilikutii, nikanyamaza, akaunti ikafungwa. Niliposikia umeuza mbuzi sikulala vizuri.

Juzi kwa Maundu nimekutana na Tabitha, mama wa Rongai anayeuza vinyago vya marehemu bwanake kwa tovuti. Alikuwa analia mbele ya kompyuta. Kadi ya wizi, mzigo wa haraka, na anwani ni ile ile nilikotuma viondo vyetu. Ilikuwa Septemba, mama, baada ya wewe kuongea naye.

Nimeandika jina la Peterson kwa kampuni na kwa polisi. Ningekuuliza ungekataa, kwa hivyo sikukuuliza.

Binti yako,
Nzisa


Kajiado
11 Desemba 2006

Mwanangu Nzisa,

Nakusalimu. Natumai afya ni nzuri.

Peterson alishikwa mwezi uliopita. Walipomruhusu apige simu, alipiga hapa. Alilia, halafu akauliza kama ni wewe. Nilisema ndiyo. Sikuweza kumdanganya akiwa mahali kama hapo.

Nilisimama mbele ya kikundi nikasema mwizi ni mwanangu. Keziah alinishika mkono. Ndulu aliinuka akaenda zake. Mbuzi hawakutosha deni lake la katani. Siku hizi yuko shamba la maua Isinya, na binti yake anafanya kazi naye huko.

Ulifanya vizuri. Hilo nalijua, na nikiulizwa nitasema hivyo hivyo. Lakini nikifikiria Krismasi, wewe uingie uketi mezani na kile kiti kingine kikiwa wazi, moyo wangu unakataa. Nimeomba moyo ubadilike, haujabadilika.

Mwaka huu usije nyumbani.

Mama yako