Mikono Minne kwenye Bega la Fundi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pokea na ile ya juzi pia, maana simu ilikatika kabla sijamaliza kukuamkia. Vipi hali yako? Goti limepoa? Na yule jirani wa ukutani, bado anafungulia redio mpaka sufuria zetu zinatetemeka? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na mdomo wangu unaijua kazi yake kama kawaida. Vaa miwani, Mama, ukae kitini kabisa, kwa sababu barua hii ni ndefu na ina mambo ambayo kwenye simu ningeyazungukazunguka tu nisiyaseme.

Kwanza nikupe habari njema, la sivyo itanipasua. Tumeshinda! Fundi ameinua mkono! Haya, sasa nianze mwanzo, najua unavyochukia hadithi inayoanzia mkiani.

Nilipoondoka ulidhani nakwenda kukanda watu kama ulivyonifundisha wewe: mtu mmoja, mkandaji mmoja, mafuta, na porojo za kumsahaulisha maumivu. Hapa sivyo. Hapa mtu mmoja anakabidhiwa wakandaji wanne kwa siku kumi na mbili mfululizo, asubuhi na alasiri, mpaka mwili wake uchoke kukataa. Haitwi mgonjwa, anaitwa mteja, na yeye ndiye mwenye kauli. Kila asubuhi, kabla mkono wa yeyote haujamgusa, anaulizwa leo anataka mwili wake umfanyie nini. Akisema basi, mikono yote inaondoka juu yake papo hapo, hata kama wewe mkandaji umefika pale patamu kabisa. Wiki ya kwanza nilikuwa nasahau, naendelea kidogo, na mkuu wetu ananikata jicho mpaka natamani nijifunike taulo.

Mkuu wetu tunamwita Jemadari. Ni mfupi, nakwambia akisimama nyuma ya kitanda cha kukandia unaona kilemba tu, lakini akikohoa sote tunakaa sawa. Wa pili ni Twiga, kijana mrefu, kazi yake kunyoosha viungo, na ana mikono mipole ambayo usingeitegemea kwa mwili ule. Wa tatu ni Bi Pumzi, mama mtu mzima, anayemfundisha mteja kuvuta na kutoa hewa wakati sisi tunamkanda. Wa nne ndiye mwanao. Jina langu la nyumbani nililificha siku mbili tu. Siku ya tatu Bi Pumzi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akaniita Chiriku. Nikaona basi, imeandikwa usoni.

Tunafanya kazi wawiliwawili kwa zamu. Mmoja anaongoza, mwingine anafuata mkono wa mwenzake. Zamu ikiisha, tunakaa mezani penye karatasi kubwa iliyochorwa mwili wa mtu, mbele na nyuma. Palipo pagumu unapaka nyekundu, palipolegea unapaka kijani, na wanaoingia zamu inayofuata wanaanzia pale ulipoishia wewe. Hawarudii kazi yako. Wanakuamini. Na mteja naye ana penseli yake nyeusi. Akiandika "bado" mahali popote, hata sisi wanne tuwe tumepaka kijani mpaka karatasi imetoboka, neno lake ndilo linalosimama.

Sasa Fundi. Ni fundi wa plasta, mtu wa makamo, mwenye kifua kama mlango. Mwaka jana aliteleza kwenye jukwaa la ujenzi akaning'inia kwa mkono mmoja, na tangu siku hiyo mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Anapiga ukuta mpaka usawa wa kidevu, basi. Dari hawezi. Alituambia, bila kulia wala kujipendekeza, kwamba mafundi wenzake wameanza kumpa kazi ya kuchanganya saruji, na kwamba mtu aliyepiga dari za watu miaka ishirini akianza kumchanganyia mwingine, amekwisha. Siku ile ya kwanza alipoulizwa anataka nini, alinyoosha kidole cha mkono mzima kuelekea juu. Anataka dari. Tulikuwa na siku kumi na mbili za kumpa dari yake.

Siku nne za mwanzo, Mama, ungefurahi. Mkono ulipanda kila siku kidogo, kwanza usawa wa sikio, halafu kipaji cha uso. Fundi akawa anatutania kwamba akitoka hapa atatupiga plasta sote wanne tunyamaze. Siku ya tano asubuhi niliongoza mimi, Bi Pumzi akiwa kichwani akimhesabia hewa. Kazi yangu ilikuwa chini ya kombe la bega, pale ambapo msuli wake ulikuwa umejifunga fundo gumu. Nilikanda, nilikanda, nikamaliza, nikaenda mezani nikapaka kijani. Fundi akachukua penseli yake akaandika "bado" palepale. Nikacheka. Nikamwambia hayo ni maumivu ya kupona, kila mtu huyasikia, asiwe na wasiwasi, mikono hii nimeirithi. Mtu mzima yule akaniangalia, akasema sisi ndio wataalamu, akafuta.

Alasiri akaingia Twiga. Akaona kijani, akaona hakuna "bado", akaunyanyua mkono kama kijani kinavyomruhusu. Fundi akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima. Siku ya sita asubuhi mkono haukufika hata mdomoni. Alikunywa chai kwa mkono wa kushoto, na hakumtania mtu.

Jioni ile tulikaa mezani hakuna anayemtazama mwenzake. Jemadari hakumlaumu mtu, aliuliza tu nini kimetokea. Twiga akasema kosa ni lake, amevuta kwa nguvu, na kwamba hastahili kumgusa tena mteja huyu wala mwingine. Akaomba atolewe kwenye timu. Na mimi, Mama, chiriku wako, ambaye ukinifunga mdomo naongea kwa pua, nilikaa pale nikiangalia kucha zangu. Sikusema kitu. Nilijua kila kitu na sikusema kitu.

Asubuhi ya siku ya saba nikamkuta Twiga anatoa vitu vyake kwenye rafu: taulo zake, chupa yake ya mafuta, kandambili zake kama mitumbwi. Nikapiga moyo konde. Nikaenda kumwita Jemadari na Bi Pumzi, nikasimama katikati ya chumba, nikawaambia ninachokwambia wewe sasa.

Mama, kidole gumba changu cha kulia na kile cha shahada vimekufa ganzi. Si tangu jana. Ni mwaka wa pili huu. Nikikanda, nguvu zinakwenda, lakini hakuna kinachorudi. Fundo likiwa gumu au limelegea, kwangu ni sawasawa, kama nimevaa glavu nene. Siku zote nilikuwa nachungulia karatasi, naangalia wenzangu jana walipaka nini, nakisia leo patakuwaje, napaka. Nilikuwa napatia, nikajiona mjanja. Ile kijani ya siku ya tano sikuihisi. Niliibuni. Na mtu pekee aliyejua ukweli wa bega lake, nilimcheka mpaka akafuta.

Usidhani walinikumbatia. Bi Pumzi alinifumbisha macho, akawa ananigusa kidole kimojakimoja kwa ncha ya penseli, nami nikawa natajataja ovyo, mbili nimekosa kati ya tatu. Twiga alikasirika, na alikuwa na haki. Alisema amekesha akijiona mkatili, kumbe mwenye kosa yuko chumba cha pili anakoroma. Nilikuwa sikoromi, lakini haikuwa saa ya kubishana. Nilikosa pa kuuweka uso. Nikasema vitu vinavyopaswa kutolewa rafuni ni vyangu.

Jemadari akasema hapana, uamuzi huo si wangu, wala si wake. Siku kumi na mbili hizi ni za Fundi, kwa hiyo Fundi ndiye ataamua, na mimi ndiye nitakayemwambia. Mama, kutoka pale mezani hadi kitandani kwake ni hatua kumi na moja. Nilizihesabu.

Nilimwambia yote, bila kupamba. Alisikiliza huku amekumbatia ule mkono wake mbovu. Halafu akauliza kama vidole vimekufa, je, na kiwiko kimekufa? Nikasema hapana. Na mkono wa kushoto? Nikasema mzima. Na akili ya kujua msuli umeanzia wapi na umeishia wapi? Nikasema hiyo ninayo, nimefundishwa na mama yangu. Akasema fundi akianza kuona ukuta umepinda hauachi ukuta, anamwita mwenzake ashike kamba upande wa pili. Anataka nibaki. Lakini kwa sharti: Twiga aweke mkono wake pembeni ya wangu kila ninapokanda, aseme anachohisi, na "bado" yake yeye Fundi isifutwe na mtu tena mpaka dunia iishe. Halafu akanitazama na kusema nikirudia atanichanganya kwenye saruji. Nililia na kucheka pamoja, sura yangu ilikuwa kichekesho.

Basi siku tano zilizobaki, loo, ungekuwepo! Niliweka vidole pembeni nikaanza kukanda kwa kigasha cha kushoto, kuanzia kifundo hadi kiwiko. Mkono wa Twiga ulikaa karibu na wangu, ndio ulionihisia. Mimi nasema msuli huu unazama huku, tufuate. Yeye anasema hapa pamekaza, polepole kidogo, ngoja, sasa panaachia. Fundi juu ya kitanda naye anasema bado, bado, hapo, hapohapo. Bi Pumzi amekaa kichwani anamhesabia hewa. Mwanzoni Twiga alikuwa ananijibu kwa neno moja moja, bado ana kinyongo. Siku ya tisa nikampiga kiwiko cha mbavu kwa bahati mbaya, akacheka mpaka akakaa chini, na hapo tukawa marafiki tena. Siku hiyohiyo Fundi alikunywa chai kwa mkono wa kulia. Siku ya kumi akashika kilele cha kichwa chake. Siku ya kumi na moja, ndipo lile fundo lilipoachia, na unajua nani aliyejua wa kwanza? Fundi. Alisema "limekwenda" kabla mkono wa Twiga haujahisi kitu.

Siku ya kumi na mbili Jemadari alimuuliza kama kawaida, leo unataka mwili wako ukufanyie nini? Fundi akajibu kwamba kona ya dari ya chumba chetu imebanduka, imemkera tangu siku aliyolala hapo chali, na amekuja na mwiko wake. Tukasogeza kitanda, tukaleta ngazi. Akapanda. Akachota plasta, akavuta hewa kama alivyofundishwa, na mkono ule ukapanda, ukapita sikio, ukapita kipaji, ukanyooka wote mpaka darini. Mama, haukutetemeka! Alipiga, akasawazisha, akapiga tena, sehemu kubwa kama sinia, akimtukana aliyepiga dari ile mara ya kwanza. Bi Pumzi alipofika pumzi ya themanini aliacha kuhesabu, akaanza vigelegele. Twiga alininyanyua juujuu kama mtoto. Jemadari alijidai anatafuta kitu kwenye kabati, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka na kulia. Fundi akashuka na plasta kwenye nyusi, akasema sasa ninyi ndio mnachanganya, mimi napiga. Jumatatu amerudi kazini, juu kabisa kwenye jukwaa.

Na mimi wamenilaza kitandani sasa. Alasiri zisizo na mteja, wananikanda kuanzia shingo hadi kifundo cha mkono. Daktari amesema mshipa wa fahamu umebanwa pale kifundoni, haujafa. Juzi kidole gumba kilianza kuniwasha nikapiga kelele ya furaha, watu wakadhani nimeumwa na nge.

Lakini sijakwambia kwa nini nimeandika. Jemadari aliniuliza kama nyumbani kuna mwingine mwenye hali hii. Nikasema hakuna. Halafu nikajishtukia. Nilikumbuka nilipokuja likizo, ulivyoniita nikufunge vifungo vya blauzi, ukasema macho yako yamechoka. Asubuhi hiyohiyo ulisoma gazeti lililofungiwa maandazi, toka mlangoni. Nikakumbuka ulivyowaambia majirani umeacha kukanda kwa kuwa watu hawana shukrani, wewe uliyekanda watu miaka arobaini bila kudai shukrani. Macho yako hayana kitu, Mama. Ni vidole. Nami nilikuficha vyangu kwa sababu niliogopa utasema nimeipoteza mikono uliyonipa. Kumbe tulikuwa mama na binti chumba kimoja, kila mmoja anaficha mikono yake chini ya khanga.

Sitaki uniandikie kwamba si kweli. Nimekuombea siku kumi na mbili, na Jemadari amekubali. Utakanda maneno na Bi Pumzi, utamgombeza Twiga kwa urefu wake, na ukisema bado, hakuna atakayekubishia. Mimi sitakukanda, nitakaa kichwani pako nikuhesabie hewa.

Nisalimie kaka na shemeji, na watoto wao wote, hasa yule mchokozi. Jirani mwambie apunguze redio, nimesema mimi. Bi Pumzi anakusalimu ingawa hamjaonana, na Fundi ameniamuru nikwambie kwamba ulifundisha vizuri.

Njoo, Mama. Ukifika stendi usihangaike na vifungo. Njoo hivyohivyo na sweta juu, nitakufunga mimi, kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi mwanao,
Chiriku